"Nimeshazima," Alisema Fundi Mkuu

Mnaosoma hapa, msinionee huruma. Nimechoka kuhurumiwa.

Nilikuwaga fundi umeme kamili. Miaka miwili chuoni, mitatu chini ya mafundi, mtihani nikafaulu. Ramani nasoma, bomba napinda, nyumba nzima nafunga waya mwenyewe. Mwanangu Nyangeta alikuwa na miezi minane, ananyonya.

Siku ile tulikuwa Bweri, nyumba mpya. Naunganisha waya wa jiko. Fundi mkuu, mzee wa heshima, akasema, "Nimeshazima." Tester, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Kwenye kazi zetu mkubwa akishasema amezima, ukipima mbele yake umemwita mwongo. Nikashika waya.

Alikuwa amezima swichi ya taa. Ya jiko aliiacha.

Sikupiga kelele, taya zilijifunga. Mkono wenyewe ukaung'ang'ania waya. Nikasikia harufu ya nyama inaungua, najua ni yangu. Fundi plasta aliyekuwa kwenye ukuta wa pili akanipiga mkono kwa ubao mkavu, nikaanguka.

Hospitalini Musoma daktari akasema, "Umeme umeingilia vidoleni, umetokea gotini." Siku ya nne vidole viwili vilikuwa vyeusi, vinanuka. "Vimekufa, mama. Tusipokata, mkono wote utaondoka." Nikasaini kwa kushoto, wakavikata.

Mama yangu akaja kutoka Butiama na mtoto. "Si nilikwambia kazi ya waya ni ya wanaume?"

"Mama, aliyekosea ni mwanamume."

Akaniwekea mtoto kifuani, maana kumbeba sikuweza.

Fundi mkuu alileta machungwa. Eti ajali. Nikamwambia aondoke nayo.

Miezi ilipita najifunza kubana pini ya nepi, kushika bisibisi. Nimerudi kazini sasa, Bunda. Lakini mpaka leo nikigusa swichi ya chumbani mkono unakakamaa, na ile harufu inakuja.

Juzi mzee mwingine akasema amezima. Nikatoa tester. Wenzangu wakacheka, "Mama Nyangeta, humwamini mzee?"

"Mzee namwamini. Waya siuamini."

Taa ya tester haikuwaka. Nikapima tena. Mkono bado ulikataa kusogea. Nilisimama pale jasho linanitoka mpaka ukakubali.

Namshukuru Mungu, na yule fundi plasta. Wengine sina la kuwaambia. Ninyi mnaojifunza kazi hii, pimeni, hata aliyezima awe baba yako mzazi. Akinuna, mwacheni anune. Kununa kunapona. Vidole haviotagi.