Kuokoka kwa Mjomba

Simu ilipoita, bibi alikuwa ameketi uani akimenya viazi vitamu vya kuanika michembe, na vidole vyake vilikuwa vimejaa utomvu. Aliniambia nimpokelee na kuiweka sauti ya nje. Nilikuwa nimerudi Kishapu baada ya kumaliza chuo cha ualimu, nikifundisha kwa kujitolea katika shule ya kata, na kumshikia bibi simu ilikuwa sehemu ya majukumu yangu ya nyumbani. Sauti ya mwanamume nisiyemfahamu ilipasuka kutoka mahali penye upepo na ngurumo za karasha zinazosaga mawe, ikimwita bibi mama kwa Kisukuma.

"Mayu! Mwanao ameokoka! Mshukuru Mungu, mayu, ameokoka!"

Mtandao ukakatika hapo hapo.

Bibi alitua kisu. Akasimama pasipo kushika ukuta, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamemkatalia tangu masika, akapiga vigelegele hadi jirani akatokea kwenye uzio wa minyaa kuuliza nani anaolewa.

"Haolewi mtu!" bibi alimjibu. "Kitinda mimba wangu ameokoka!"

Furaha ile haiwezi kueleweka bila kumjua mjomba, huyo kitinda mimba. Alikwenda Geita kuchimba dhahabu angali kijana, na huko akaacha kusali. Ndugu zake wote walibatizwa, na wawili kati yao walikwisha kutangulia. Kila tulipokaa kula, bibi alifunga sala yake kwa ombi moja: "Na huyu wa mwisho, Bwana, aokoke kabla sijafumba macho." Hakulisema kwa mazoea. Kwake mbinguni palikuwa mahali halisi, ambako watu wanakaa kwa kaya kama huku kwetu, na alikuwa na hofu ya kufika kule, akapanga watoto wake kuzunguka chungu, akaona pengo. Moyo wake ulikuwa umeanza kumchosha mwaka ule. Alijua hana muda mrefu, nasi tulijua.

Nilipiga namba ile mara kadhaa, na jioni ikapokewa. Aliyepokea alikuwa mjomba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na vumbi.

"Mjomba, hongera," nilisema. "Bibi ana furaha ya ajabu. Umeokokea kanisa gani?"

Akacheka kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi.

"Kanisa? Nimeokoka kwenye kifusi, mjomba wangu. Duara, shimo letu la dhahabu, lilititia tukiwa chini. Hamkusikia redioni?"

Hatukusikia. Redio yetu haikuwa na betri. Rafiki yake aliyepiga simu alidhani mama wa watu ameshinda akilia, akataka kumtoa hofu kwa maneno machache kabla salio halijamwishia. Alisema neno sahihi, na bibi alilisikia sahihi. Lakini Kiswahili kwa bibi ni lugha ya pili, lugha aliyoipokea pamoja na ubatizo akiwa mtu mzima. Mtu aliyeponea chupuchupu ana neno lake katika Kisukuma cha nyumbani. "Kuokoka" alilipata kanisani, na kwake halikuwahi kuwa na maana nyingine.

"Basi nimweleze," nilimwambia mjomba.

"Usimweleze. Nakuja mwenyewe."

"Lakini anaamini jambo ambalo si kweli. Kesho atakuwa amewaambia watu wote."

"Msomi wangu," alisema taratibu, "chuo kimekufundisha kusema ukweli. Hakikukufundisha kumngoja mwenye ukweli wake?"

Nilimngoja, ingawa kwa shida. Bibi aliwaambia akina mama wa kikundi chake cha maombi, nao wakamwambia mwinjilisti, naye akatenga nafasi ya shukrani katika ibada ya Jumapili. Bibi akamchagua jogoo wake mwekundu, yule mwenye kiburi aliyekuwa akiwafukuza hata mbwa, akamfunga miguu kwa kitambaa cha kanga. Jogoo wa wokovu, alimwita.

Mjomba alifika Jumamosi mchana kwa basi lililopitia Kahama, mguu umefungwa bandeji, akitembelea fimbo. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili.

"Mayu, kuna neno nataka—"

"Nyamaza. Ushuhuda hausemwi jikoni. Utasema kesho mbele ya watu." Akautazama mguu. "Na huu?"

"Duarani, mayu. Ndilo neno lenyewe."

"Shetani hakukubali kukuachia bure," bibi alisema, akaenda kukoroga uji.

Alasiri nilimfuata mjomba zizini, alikokuwa amekaa juu ya gogo akiwatazama ndama. Hapo ndipo aliponisimulia. Walikuwa wawili chini ya duara, yeye na mtu wa Kigoma, Mwislamu, mwenzake wa muda mrefu. Walikuwa wakila sahani moja, na mwezi wa Ramadhani mjomba alikuwa akificha chakula chake ili asimtamanishe. Siku ile matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta, yalianza kulia. Palikuwa na upenyo unaomtosha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mjomba alikuwa nyuma.

"Akarudi, akanivuta mbele yake, akanisukuma hapa." Aligusa mgongo wake, chini kidogo ya bega. "Akasema, 'Pita wewe, una mama.' Nikapita. Yeye udongo ukamkuta. Ndugu zake walikuja wakamzika kwa taratibu zao."

Ndama mmoja alikuwa akilamba chumvi ukutani. Mjomba alimtazama huyo, si mimi.

"Wewe ulikuwa kiongozi wa wanafunzi Wakristo huko chuoni. Mama anataka niokoke ili anikute kule. Sawa. Na yule aliyenisukuma, atakuwa wapi?"

Swali hilo niliwahi kulijibu mbele ya ukumbi mzima, nikiwa na mafungu ya maandiko yaliyopangwa vizuri, nikapigiwa makofi. Bado naamini kwamba wokovu ni neema na kwamba njia yake ni moja. Lakini mkono wa mjomba ulikuwa bado mgongoni pake, mahali aliposukumwa, na nilitambua kwamba katika ukumbi ule hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa akimuulizia mtu anayemjua. Nilimwambia sijui.

"Basi kesho nisimdanganye mama," alisema. "Siwezi kuingia nyumba ambayo aliyenifungulia ameachwa nje. Ila huenda maneno hayo yakamuua."

Jumapili kanisa lilijaa. Jogoo alikuwa mbele, karibu na meza ya sadaka, akiwika kila mwinjilisti alipotua kuvuta pumzi.

"Huyu naye ana upako!" mama mmoja alisema, na watu wakacheka.

Mjomba alipoitwa alisimama akiegemea fimbo. "Bwana asifiwe," walimwanzishia, kwa sababu yeye hakuanza. Akasema moja kwa moja. Kwamba simu ilisema kweli, lakini kuokoka kwake kulikuwa kutoka kwenye udongo. Kwamba hajaokoka kwa namna mama yake alivyosikia. Akamsimulia mtu wa Kigoma kama alivyonisimulia mimi, akauliza swali lile lile, safari hii akimtazama mwinjilisti.

Nyuma yangu mzee mmoja alinong'ona, "Sasa shukrani hii ni ya nini? Jogoo arudi nyumbani."

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kanga. Kila mtu pale alijua alichokuwa amepoteza kwa sentensi ile moja.

Mwinjilisti wetu ni mkulima wa pamba, mtu mpole asiye na haraka. Alifunga Biblia yake, akashuka madhabahuni hadi karibu na mjomba.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nilitumwa kuwaonyesha watu mlango. Nitauonyesha huo huo hadi nife, na wewe nakuonyesha leo. Lakini kuwahesabu walioingia sikutumwa. Huyo unayemuulizia yuko mikononi mwa mwenye nyumba. Sina zaidi."

"Na huyu jogoo?" yule mzee aliuliza, sasa kwa sauti.

Bibi alisimama. Safari hii alishika bega langu.

"Jogoo nilimleta wa kuokoka," alisema kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Mwanangu ameokoka, hakuokoka? Yuko hapa, ana mguu mmoja na nusu, ninamwona. Kuna mtu alimtoa. Mnasema jogoo arudi, arudi kwa nani? Huyu ni wa yule mtoto wa mwenzangu wa Kigoma. Pigeni mnada."

Wakapiga mnada. Jogoo alikwenda kwa yule mzee aliyetaka arudishwe, labda kwa aibu, na akamdonoa kidole alipompokea. Watu walicheka kuliko ilivyostahili, kama wanavyocheka waliotoka kushikilia pumzi.

Njiani kurudi bibi alitembea akiegemea bega langu. Niliogopea moyo wake. Tulipokaribia nyumbani alimgeukia mjomba.

"Ile nafasi yako kule bado ni tupu," alimwambia. "Usidhani sijui."

"Najua, mayu."

"Nami sijaacha kuomba."

"Usiache."

Jioni tulikaa kula, ugali wa mtama na mlenda, sisi watatu kuzunguka sinia. Bibi alifumba macho. Alishukuru kwa chakula, akawaombea wagonjwa, akaniombea mimi, "mume wangu mdogo," nipate ajira. Kisha akafika mahali pale pa siku zote, akasema, "Na huyu wa mwisho, Bwana, aokoke kabla sijafumba macho." Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono. Hakuwa amemaliza.

"Na yule wa Kigoma aliyemsukuma. Mimi jina lake sikuliuliza. Wewe unalijua. Mpokee kama alivyompokea mwanangu."

"Amina," mjomba alisema.

Lilitoka kabla ya wakati wake, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeguswa na moto. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo katika nyumba ile. Bibi alifumbua jicho moja, akamtazama kwa muda, akalifumba tena. Kisha akaendelea kuomba, polepole, akiwataja watu wa Kigoma wote, wachimbaji wote, na mama zao, huku ugali ukipoa, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumega.