Dobi alipa ahadi alizotoa akiwa ndani ya suti za wateja

Saa moja kasoro robo asubuhi, mkaa umeshashika. Dobi anafunga mdomo wa pasi, anaipeperusha mara tatu hewani kama anayefukuza nzi, kisha anaigusisha kwenye kitambaa kibichi na kutega sikio. Kwa mlio huo anajua kama imefikia moto wa shati laini au wa jinzi.

Meza yake ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali na kuvishwa blanketi. Hatua tatu kutoka hapo mkewe ameinamia karai, anafua. Hawasemezani. Hawajagombana leo; wako hivyo tangu mwaka jana. Kila jioni mke huuliza swali moja tu: "Imebaki ngapi?"

Jana jibu lilikuwa laki mbili na elfu kumi.

Mtaani wanamwita Meneja, na jina hilo limemgharimu. Wateja wake huleta nguo Jumatano na kuzifuata Jumatatu. Katikati hapo kuna Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya harusi.

"Suti ya mtu imening'inia, imenyooka, inakutazama," anasimulia. "Unajiambia, naivaa saa mbili tu, naifua tena, nani atajua? Ukiingia ukumbini watu wanakupisha. Wanakuita bosi. Hata kiti unaletewa."

Na bosi hakai viti vya nyuma. Akaanza kutiwa kwenye kamati za harusi, akaombwa afungue michango. Suti ya mhasibu iliahidi elfu hamsini. Ya mwalimu mkuu ilitaja elfu themanini, pamoja na soda za meza kuu. Nyumbani kwake Jumapili watu walijaa, birika halipoi, soga hadi jioni, kila mmoja akimsifu mwenye nyumba. Malipo ya kunyoosha suruali yalikuwa mia tatu.

Ahadi zilipomfika shingoni alimwendea mkewe. Alimwambia amepata mashine ya kufulia ya bei nafuu, kwa hiyo mke akakope kwenye kikundi chake cha akina mama. Mke akakopa kwa jina lake, akaweka rehani friza aliyokuwa akiuzia barafu na maji baridi. Mashine haikuonekana mpaka leo. Pesa zote zilikwenda kwenye harusi za watu. Ukijumlisha na riba, deni lilifika milioni moja na laki mbili.

Kuumbuka kulikuja kimyakimya. Mwenye suti moja ya kijivu naye alikuwa amealikwa kwenye harusi ambayo Meneja alikaa meza kuu. Hakupiga kelele. Alimfuata, akampangusa vumbi begani kama ndugu, akamwambia, "Kaka, kula taratibu. Hiyo Jumatatu naivaa kazini."

Meza nzima ilisikia. Kufika Jumatatu mtaa nao ulikuwa umesikia, na umeongeza na chumvi yake. Wateja walikuja kuchukua nguo zao hata zilizolowa. Mwezi uliofuata akina mama wa kikundi wakaja na mkokoteni, wakabeba friza mchana kweupe huku majirani wakijifanya wanafagia.

Ndipo walipoanza kujibana. Vyumba viwili vikawa kimoja. Simu ya kioo iliuzwa, akabaki na ya vitufe. Pasi ya umeme nayo iliuzwa, na mkaa anaotumia ni vipande vinavyodondoka kwenye magunia ya muuza mkaa jirani, anavyovikota kwa ruhusa. Sigara aliacha. Kinyozi humnyoa kwa kubadilishana na shati lililopigwa pasi. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe ndiyo ya kufulia za rangi, na yakishachoka kabisa huoshea choo. Chai ni moja kwa siku, haijui sukari.

Kwa njia hiyo, na kwa wateja wachache waliorudi baada ya kumcheka vya kutosha, anatenga elfu tatu na mia tano kila siku ya kazi. Kwa mwezi ni kama elfu tisini. Ameshalipa miezi kumi na mmoja.

Njaa anasema ameizoea. "Sukari ilipoisha, watu nao waliisha," anasema. "Nyumba yangu ilikuwa inajaa mpaka viatu vinapotea mlangoni. Sasa hata anayeuliza njia hapiti hapa."

Wiki iliyopita mtu alipita. Ni mdogo wake, wa tumbo moja, na mkononi alikuwa na kadi ya mchango wa harusi yake. Dobi akamwambia hana. Akajitolea kupiga pasi nguo zote za maharusi bure. Mdogo mtu akajibu kwamba nguo hizo zina dobi mwingine, maana wanataka ziende harusini mara moja tu.

Kisha akasimama mlangoni, kadi bado mkononi.

"Watu baki uliwapa maelfu, kaka. Mimi damu yako ndiye wa kunibania?"

"Ningekuwa mwongo bado," dobi akamwambia, "ningekuahidi."

Tangu siku hiyo mama yao hapokei simu yake. Mke aliyasikia yote kutoka kwenye karai. Anakiri kwamba lile lilikuwa neno la kwanza la kweli kumsikia mumewe akilisema mbele ya mtu. "Limechelewa," anaongeza, na kuendelea kufikicha kola.

Kikundi kimewapa wiki kumi. Deni likiisha, friza inarudi. Wiki zikipita, inapigwa mnada. Dobi ameshapiga hesabu, na asipougua zitamtosha. Siku ya malipo ya mwisho ataazima mkokoteni, aisukume friza mwenyewe, na kila aliyeiona ikiondoka aione ikirudi.

Mke ananyanyuka, anakamua shuka mpaka mishipa ya mikono inamsimama.

"Hapa hairudi," anasema, akiongea na shuka. "Nimeshazungumza na dada yangu, kwake kuna kibaraza. Huyu akitaka barafu, aje na pesa mkononi kama wengine."

Dobi hageuki. Anamaliza mkono wa shati, anaukunja, anaipumzisha pasi pembeni.

"Kwa dada yake ni mbali, na kuna kilima," anasema. "Nitaisukuma mpaka huko. Ni mwendo wa saa nzima, na friza yake hawezi kuniachia peke yangu. Lazima tutakwenda wote wawili."