Jaribio Limefaulu

Nilikuwa dirishani kwenye maabara moja ya mtaa wa Murara, nikingoja majibu ya damu, mama mmoja alipoingia mbio, simu mkononi, kitenge kikimfunguka.

"Papa, munaniandikia matokeo yangu iko mubaya!"

Fundi wa kompyuta wa hapo alisoma barua pepe kwenye simu ya mama, akakauka. "Mama, ni jaribio tu. Programu inajijaribu yenyewe kila asubuhi kwa kutuma matokeo ya uongo. Barua zilipaswa kubaki humu ndani, lakini nilisahau kuondoa adresi za watu wa kweli."

"Watu ngapi?"

Nje wengine walikuwa wanashuka kwenye pikipiki, macho kwenye simu.

Mama aliketi polepole. "Basi, matokeo ya kweli inasema nini?"

"Bado haiyatoka, mama."

Kompyuta iliandika kwamba jaribio limefaulu. Sibishi: barua ilifika, na woga ulifika nayo.