Mama Mkwe na Mnyama Asiye na Kichwa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu hata nikiwa kanisani, na kicheko kikiisha nabaki nashukuru. Siku hiyo nilirudi kutoka masomo ya jioni hapa Sumbawanga, vitabu viko kwenye rambo, na baridi ya mwezi wa sita inauma kiasi kwamba maneno yalikuwa yanaganda kabla hayajatoka mdomoni. Jikoni nikamkuta mama mkwe wangu anasonga ugali wa ulezi, Yustina, mwanangu wa kwanza, amelala mgongoni kwake.

"Haya, Mama Yustina," akasema bila kugeuka. "Lipa."

Hakuwa anadai fedha. Wakati huo mume wangu alikuwa kijijini Muze kwenye biashara ya mchele, anarudi pale anapokumbuka kwamba ana nyumba. Mimi shule niliiachia njiani, na sasa nilikuwa natafuta cheti cha kidato cha nne ili nikasomee kazi ya maabara. Mtoto nimwache na nani? Mama mkwe akakubali kumlea kila jioni kwa sharti moja: nilichofundishwa, nije nimweleze jikoni kabla ya kula. Nisipoeleza, sili. Na yule mama alikuwa na sauti ambayo akikukemea wewe Sumbawanga, watu wa Namanyere wanaomba radhi.

"Leo tumesoma konyeza," nikaanza.

"Ndiye nani?"

"Mnyama wa baharini, Mama. Laini kama uji uliopoa. Hana kichwa, hana mfupa, hana damu, hana ubongo."

"Sasa ana nini?"

"Mdomo."

"Huyo namfahamu," akasema. "Ni jirani yetu wa hapo juu."

Nikamweleza kwamba mdomo huo ndio mlango wake pekee: chakula kinaingia hapo, na uchafu unatokea hapo hapo. Mama mkwe akasimamisha mwiko. Akautazama ugali, akanitazama mimi.

"Mama Yustina, si tunakula sasa hivi?"

Hivyo ndivyo nilivyosoma, mwanangu, kwa walimu wawili, mmoja ana chaki na mwingine ana mwiko. Nilipomweleza habari za sifongo, mnyama anayekaa pale pale alipoota, mwili wote matundu, maji yanaingia kwa vitundu vidogo, anachuja chakula chake, kisha yanatokea kwa tundu kubwa juu, akasema huyo ni mnywaji wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ila yeye kajigeuza mtungi na mrija kwa pamoja. Kisha tukafika kwenye matumbawe. Nilimwambia ni vinyama vidogo vilivyoshikana, kila kimoja kinajijengea jiwe chini yake, kikifa kinaliacha, na vingine vinajenga juu, mpaka panakuwa ukuta ambao hata meli inaukwepa.

"Hao ni Wafipa," akasema. "Wanalima ntumba."

Kweli kabisa. Ntumba zetu, yale matuta ya kufukia majani, si yanastawisha mazao juu ya kile kilichooza chini yake? Tangu jioni ile, niamshe usingizini uniulize matumbawe, nitakujibu kabla sijafumbua macho.

Lakini ukaja mtihani wa majaribio. Katika somo la biolojia nilipata alama ndogo hivi kwamba ukiitazama kwa mbali ungedhani ni doa la wino. Swali la konyeza nililijibu kwa mbwembwe zote za jikoni. Mwalimu Ambakisye, bwana wa Mbeya aliyefanya kazi ofisi ya mifugo mchana na kutufundisha jioni, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hadithi nzuri. Jibu liko wapi?"

Nikaona basi. Mimi mtoto wa kijiji cha Chala, nimekulia kwenye mahindi, bahari naijua kwa kusimuliwa, konyeza ananihusu nini? Nikamwambia mama mkwe kwamba naacha masomo. Akasema tu nifungashe mizigo, tunakwenda Kirando kwenye harusi ya mtoto wa dada yake.

Asubuhi ya harusi tukateremka ziwani na wanawake wenzetu kuosha masufuria. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia kama lililoonywa. Nikaingia maji ya magotini, nikainama, nikaona vitu. Vilikuwa vya duara, vyeupe vya kupenya mwanga, ukubwa wa sarafu, nyuzi nyembamba zimezunguka ukingoni, vinajifumbua na kujifumba kama miavuli midogo inayojaribiwa dukani. Nilitoka mle majini kwa mruko mmoja ambao nadhani hadi leo haujavunjwa katika mkoa wa Rukwa.

"Wifi, unakimbia nini?" akaniuliza binti mmoja wa pale. "Hao hawaumi. Wanapanda maji yakitulia, baadaye wanashuka."

Mama mkwe akamchota mmoja kwa bakuli. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye yule wako?"

"Ndiye, Mama. Konyeza. Kumbe hata maji baridi wapo."

"Kichwa kweli hana."

"Hana."

Akakaa juu ya jiwe, bakuli mapajani.

"Mama Yustina, ngoja nikwambie. Mimi siku zote nilijua unatunga."

"Natunga, Mama?"

"Mnyama hana kichwa, hana damu, na anaishi. Nani angeamini? Nikasema huyu mtoto wa watu sijui wanamfundisha nini huko, anarudi na uongo mtupu. Lakini ulikuwa unarudi uso unang'aa. Nikasema, acha nimbebee mtoto." Akamrudisha konyeza ziwani taratibu. "Nilikuwa tayari kukulelea usome uongo mpaka umalize. Leo nimekuta ni kweli, ndiyo unaniambia unaacha?"

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka ziwa likaongezeka kina. Waulize watu wa Kirando.

Nilirudi darasani. Jikoni masharti yakabadilika: kwanza jibu, lisilozidi pumzi moja, ndipo mbwembwe. Mtihani nikafanya, nikafaulu, nikasomea maabara, na kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha ninyi wanangu wote mnaonisoma hapa mkiwa na viatu miguuni. Mama mkwe aliyaona hayo yote kabla hajapumzika.

Basi sikia, mwanangu. Usiseme elimu hii ni ya watu wa mbali kabla hujainama kutazama maji ya kwenu. Na yule anayekubebea mtoto, anayekupikia, anayekusubiri ili wewe usome, usimwambie kwamba hataelewa. Mweleze ulichojifunza, kwa maneno ya nyumbani kwenu, na umshukuru angali anasikia. Na ukiwa wewe ndiye unayebaki nyumbani, sikiliza hata kabla hujaamini.

Mungu akujalie mgongo wa kukubebea mzigo wako siku utakayochoka, na akuimarishie mgongo wako ubebe mzigo wa mwenzako. Uende salama, usome, na urudi nyumbani uso unang'aa.