Ko, Ko, Ko Nyuma Yangu

Leo mnicheke tu, ni sawa.

Nimetoka Kambi Muru asubuhi na fimbo yangu ya snuka, nikaenda mashindano Kawangware. Nikatolewa mechi ya kwanza. Hiyo nimezoea.

Watu wakaenda kula. Mimi nikabaki kwa meza ya nyuma, najichezea peke yangu.

Sasa, sisi wa snuka hatupigi makofi. Mwenzako akipiga shoti kali, unagonga fimbo yako chini, polepole. Hiyo ndio heshima yetu.

Na si nikapiga moja! Mpira ukakata meza yote, ukaingia shimo bila kugusa ukingo.

Nyuma yangu: ko, ko, ko.

Sikugeuka haraka, nisionekane nimeingojea sana. Nikainamisha kichwa.

"Asante sana."

"Asante ya nini? Songa nipige deki."

Mama wa usafi. Alikuwa anagonga mti wa mopa ndio nimskie.

Nikasonga. Akauliza, "Kwani unacheza na nani?"

Nikamwambia ameenda kununua chapo, anarudi sasa hivi.

Akadeki ukumbi wote. Akaacha tu kanjia kakavu kutoka mlangoni hadi kwa meza, ndio huyo mtu akirudi asiteleze.

Hako kanjia ndiko nimetumia kutoka.