Tonge la Mbwa

Nyumbani kwa mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, kule Ganze, mbwa hakupimiwa chakula na mtu mmoja. Kila aliyekula sima alibakisha tonge la mwisho, akalichovya kwenye mchuzi uliosalia, akalitia katika kigae kilichokaa nje ya mlango wa jikoni. Walaji wakiwa wanne, mbwa alipata matonge manne. Wageni wakija kwa mazishi au kwa mahari, mbwa alikula mpaka akashindwa kuamka. Mwaka wa njaa tonge lilikuwa dogo kama gololi, lakini halikukosekana. "Anayelindwa atoe," alisema mavyaa, na hakuna aliyebishana naye.

Niliolewa mwaka uliofuata ule wa mahindi ya njano. Waliokuwapo wanaukumbuka: mvua iligoma, yakaletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu wakayala huku wakiyatukana. Mwaka wangu mvua ilirudi na mahindi yakasimama vizuri shambani, lakini njaa ilikuwa bado haijatoka machoni mwa watu. Mtu mzima akidondosha punje tatu uani aliinama akaziokota zote tatu. Nayasema haya ili ijulikane niliingia nyumba ya namna gani, na kosa langu lilikuwa na uzito gani.

Mimi ni mtoto wa Muyeye, Malindi. Kwetu tulipakana ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu, na mama alitukataza kabisa kugusa mbwa, tusije tukaingia nyumba za watu na udenda nguoni tukawapa kazi ya kuosha mikeka. Kwa hiyo nilifika Ganze nikiwa na miaka ishirini na mmoja, sijapata kumshika mbwa hata mara moja. Huyu wa kwa mavyaa alikuwa dume, rangi ya vumbi la barabarani, na kipande cha sikio lake kilibaki mdomoni mwa nyani. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuwafukuza nyani mahindini. Wiki ya kwanza nilipita mbali naye, nimeshika leso yangu juu.

Kilichotupatanisha ni maji. Silanga, lile lambo tulilochotea, lilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda tu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Mavyaa alikuwa mtu wa maneno machache. Na Kigiriama changu, kwa kuwa kilikulia mjini, kiliwachekesha watu silangani na sokoni, nami sina tabia ya kuchekwa nikatulia. Nikaamua kunyamaza. Mbwa akanifuata silangani siku ya kwanza, na ya pili, akinitangulia hatua chache kisha kugeuka kuona kama naja. Siku ya tatu nikaanza kumsemesha. Nikampa habari zote za Muyeye, nani kaachwa, nani kajenga, nani kajidai kuumwa ili asiende matangani. Hakuicheka lafudhi yangu. Nasema bila haya kwamba miezi ile ya mwanzo rafiki yangu wa pekee Ganze nzima alikuwa huyo, na nilimpenda.

Kisha chakula kikanikataa. Ilianza na harufu ya mchunga, ile mboga chungu inayopendwa sana huko, ikichemka. Halafu ikawa sima yenyewe. Nikilitia tonge mdomoni koo linafunga. Nikasema ni maji ya silanga. Nikasema ni jua. Nikasema ni kuwakumbuka watu wa kwetu. Nilisema kila kitu isipokuwa lile ambalo mwanamke yeyote mwenye akili zake angelisema kwanza, lakini nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijiona nayajua mambo.

Ungeniuliza kwa nini sikusema kwamba siwezi kula. Shangazi aliyenifunda kabla ya harusi alinikanya mambo mengi, na karibu yote nimeyasahau, ila hili halikunitoka: usisuse chakula cha mavyaa. Mke mgeni akisusa sahani, kaususa mkono ulioipakua, ndivyo atakavyohesabiwa, na wapo waliorudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Alinifunza pia kwamba si adabu kula huku nimemkodolea macho mavyaa. Nikae upande, uso niuelekeze mlangoni. Mafunzo hayo mawili, kila moja zuri peke yake, yalipokutana yakaniponza. Kila jioni nilikaa kizingitini pa jiko na bakuli langu, mgongo kwa mavyaa, uso uani. Na uani alikuwapo mbwa.

Mwanzo nilimpa tonge lake la haki. Kisha mawili. Baada ya wiki nilikuwa nampa sima yote, kipande kwa kipande, huku mdomo wangu ukitafuna hewa.

"Umeshiba, mwanangu?" mavyaa alikuwa akiuliza nyuma yangu.

"Nimeshiba, mama. Ahsante."

Mbwa alikula kimya, bila kulamba midomo kwa kelele kama ilivyokuwa desturi yake. Mimi niliishi kwa ukwaju niliouokota njia ya silangani, na maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, mume wangu alipoletewa zaidi ya watoto waliohudhuria.

Basi mbwa akanenepa. Si kunenepa kwa heri, ni kunenepa kwa aibu. Shingo ilipotea. Akitembea, ngozi ya tumbo ilikwenda huku na yeye anakwenda kule. Silangani hakunitangulia tena, alikuja nyuma akihema. Mwaka ule, watu wenyewe bado hawajarudisha miili yao, mbwa mnene alikuwa kioja, na wapita njia walisimama kumtazama.

Bamkwe alivumilia mpaka siku nyani waliposhuka mchana kweupe wakamaliza mistari mitatu ya mahindi. Mbwa alikuwa chini ya uchaga wa kuhifadhia nafaka. Aliinua kichwa, akawatazama, akakilaza tena.

"Mbwa huyu anakula wapi?" bamkwe akauliza.

Kila mmoja akamshuku mwenzake. Bamkwe alidhani mavyaa anamwongezea kwa huruma. Mavyaa alidhani ni mume wangu. Wakaamua kupunguza: matonge yasiwe manne, yawe mawili. Mbwa akanenepa. Likawa moja. Akazidi. Mume wangu akamchunguza meno na macho kama anayesahihisha daftari, akatoa maoni kwamba huenda ni minyoo.

"Minyoo hukondesha," mavyaa akamjibu. "Hukusoma hilo chuoni?"

Mwisho wakamnyima kabisa. Kigae kikageuzwa kifudifudi. Na jioni hiyo hiyo, mgongo wangu ukiwa kwa mavyaa, nilimpa mbwa bakuli zima. Nilijaribu njia nyingine, Mungu ni shahidi. Nilijilazimisha kumeza, nikaenda kutapika nyuma ya uchaga. Nikafikiri kuitupa sima vichakani, lakini mkono ulikataa. Kutupa sima, mwaka ule? Hilo hata mimi mwenye ulimi mrefu nisingeweza kulieleza mbele ya mtu.

Halafu jirani akapoteza kuku wawili. Hakusema neno baya, alikuja tu, akasalimia vizuri, akakaa, akamtazama mbwa wetu kwa muda mrefu, akaaga. Ilitosha. Kule, mbwa mwizi wa kuku hakai siku nyingi. Bamkwe, ambaye hakutaka kumuua, akapata shauri: siku ya soko angempeleka kwa ndugu yake aliyekuwa akichoma makaa mbali huko bara. Kule angefungwa mtini, na angejua njaa ni nini.

Siku nne zilizobaki sikulala vizuri hata moja. Nikisema, mbwa anabaki, lakini mimi nitakuwa yule mke wa mjini aliyedharau chakula cha nyumba, akamlisha mbwa, na labda narudi Muyeye na sanduku langu kichwani. Nisiposema, mimi nabaki na yeye anaondoka, amehukumiwa kwa kunitii. Naungama kwamba siku tatu za kwanza nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Asubuhi ya siku ya soko nilitoka na debe langu nikamkuta bamkwe uani anamfunga kamba shingoni. Mbwa alikuwa anatikisa mkia. Aliona debe, akafikiri tunakwenda silangani sote watatu, akajikokota kuja kwangu mpaka kamba ikamkaba, akakohoa, akatikisa mkia tena.

Mke mgeni hamsemeshi bamkwe bila kuulizwa. Nikaweka debe chini nikamsemesha.

"Shikamoo, baba. Mbwa hakuiba kuku. Anakula sima yangu."

Bamkwe akageuka. Alimtazama mavyaa, aliyekuwa anapepeta mahindi mlangoni pa jiko. Ungo ukasimama hewani.

"Sima yako ipi?" mavyaa akauliza.

"Ya kila siku, mama. Inanishinda. Nikila natapika."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi ya pili."

Mavyaa aliweka ungo chini. Akanitazama usoni, macho yakashuka polepole hadi tumboni, yakakaa hapo, na vidole vyake vikahesabu kitu kimya kimya. Bamkwe naye alihesabu, nadhani, maana ghafla alikumbuka kazi zizini kwa mbuzi. Alifungua kamba haraka haraka, akaondoka bila kututazama.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilikuwa nasubiri matusi. Nilikuwa hata nimeshapanga majibu, maana sikuzoea kusemwa nikanyamaza. Mavyaa akaja mpaka karibu yangu.

"Umelala na njaa nyumbani kwangu?" akasema.

Katika majibu yangu yote niliyoyapanga, la swali hilo halikuwamo.

"Mwaka wa mahindi ya njano," akasema, "nilikula mara moja kwa siku, na siku nyingine nilisema nimekula, ili humu ndani pasilale mtu na njaa. Hata huyu mbwa hakulala na njaa. Na wewe, mwanangu, mwaka wa shibe, na mimba juu, umekaa mlangoni pangu siku zote hizi…" Sauti ikamkatika. Akajifunika uso kwa leso.

Nikalia mimi pia, kwa sauti, kama mtoto. Nililia kwa kusikia kwamba nina mimba, na kwa kuona aibu, na kwa sababu tangu nifike hapo sikuwa nimemsikia mama yule akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Mbwa alituzunguka, akakosa la kufanya, akaketi juu ya mguu wangu. Alikuwa mzito.

Mavyaa alipomaliza kupangusa uso akaniuliza natamani nini. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeshauzoea: papa mkavu, wa kuchoma juu ya makaa, na ndimu. Mavyaa hakuwahi kuustahimili uvundo wa papa. Alisema papa ni maiti iliyokosa wa kuizika. Alivaa leso yake nzuri, akachukua kikapu, akaenda sokoni kwa miguu yeye mwenyewe, na mimi nikaambiwa nisiguse debe.

Alirudi jua limeanza kupungua. Alimchoma yule papa nje ya jiko, pua kaifunga kwa ncha ya leso, macho yanamtiririka, akikataa katakata nimsaidie. Alipokuwa anachoma alitoa sheria mpya ya mbwa, kwa sauti ili bamkwe aliyekuwa kajificha zizini naye aisikie. Mpaka aonekane kiuno na amfukuze nyani angalau mmoja, mbwa atapata tonge moja kwa siku, la bamkwe. Langu halitakiwi kabisa mpaka nijifungue. Kuhusu kuku, mbwa ameachiliwa, na kwa kweli mwezi uliofuata jirani alimnasa kicheche ndani ya banda lake akaja kutuonyesha mkia.

Mavyaa akanipakulia papa kwenye sahani, akanikamulia ndimu mbili, akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Mbwa akaja na mkia wake, kwa mazoea, akaweka kidevu kwenye paja langu.

"Na wewe," mavyaa akamwambia, "ulijua kabla yetu sote. Ukanyamaza, ukala."

Akamsukuma taratibu kwa mguu. Mimi nikala. Nilikula papa yule wote, na ngozi yake, nikanywa maji ya ndimu yaliyobaki sahanini, na mama yule alihesabu kila kipande kikiingia mdomoni mwangu kwa kutikisa kichwa, mpaka cha mwisho kilipopita ndipo naye akaenda kutafuta chakula chake.