Ini la Nyati wa Kwanza

Shangazi yangu Leona Iron Cloud, dereva wa basi la shule, alizoea kutuambia kwamba ini la nyati huliwa bichi, lingali na joto, likichovywa kwenye nyongo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulionja. Wazungu waliwamaliza nyati karibu wote kabla bibi yake hajazaliwa, tena makusudi, ili sisi Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, tufe njaa. Walishindwa: nyati wamerudi, na sisi tupo.

Oktoba iliyopita tulimwangusha nyati wa kwanza wa kundi letu tunalolifuga. Wanafunzi walikuja kutazama, wakaziba pua.

"Haya shemeji, kula basi!" Orville, mdogo wa mume wa Leona, akamchokoza. "Au umezoea chipsi?"

"Nyamaza wewe! Hata mbwa wako anakushinda kuwinda."

Leona alijua kwamba akitapika, hakuna mtoto atakayekigusa chakula hicho cha mababu. Akakata kipande, akachovya, akatafuna taratibu. Machozi yakamtoka.

"Tamu," akasema. "Linataka chumvi kidogo tu."

Watoto wakacheka. Mmoja akanyoosha mkono, kisha mwingine, mpaka Leona akaanza kuwafokea wasisukumane.